Jinsi ya kutegeana vitendawili na chemsha bongo na washkaji bila kuua mchezo

Kila grupu la marafiki lina yule mtu anayetuma fumbo saa tano usiku, watu wanajaribu mara mbili tatu, yeye kazi yake kuandika "hapana", "hapana", "bado sana", alafu analala na jibu lake kesho yake hakuna hata anayekumbuka aliuliza nini. Mi nilikuwa huyo mtu, na sio kwa wiki moja. Nilikuwa naamini mtegaji mkali ni yule ambaye jibu lake halipatikani, kumbe nilikuwa naua mchezo kwa mikono yangu mwenyewe na watu wananivumilia tu. Siku hizi najipima kwa kitu kimoja: jibu likitoka, watu wanasema "aaah kumbe!" au wanasema "we nawe". Ukisikia aaah, umetega. Ukisikia we nawe, umewapotezea watu muda. Yote ntakayoandika hapa yanaitafuta hiyo aaah.

Hatua ya 1: Ujue mkononi una nini

Watu wanaita kila kitu fumbo, na sio kosa, ila ukishaanza kutega utaona hayafanani hata kidogo. Kitendawili chenyewe kile cha "kitendawili!" "tega!" ni picha. Kondoo wetu ana nyama nje na ngozi ndani, firigisi. Mzungu katoka Ulaya mkono kiunoni, kikombe. Hapo hakuna hesabu, ama umeiona picha ama hujaiona, na mtu asipoiona ndani ya dakika mbili tatu hata ukimpa saa nzima haitamsaidia sana. Chemsha bongo ni kitu kingine, ile inataka kalamu na mtu aliyekaa. Alafu kuna mafumbo ya maneno ambayo yanacheza na lugha yenyewe, hayo ntayarudia maana ndiko wengi tunakoharibu. Na kuna stori zile za kuuliza ndiyo au hapana mpaka mjue kilichotokea, hizo zinanoga mkiwa watu wanne au zaidi, ukimtega mtu mmoja anachoka haraka.

Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo jiulize tu hawa watu wako wapi sa hivi. Mko safarini kwenye gari, stori. Mnasubiri kitu foleni, vitendawili. Mtu yuko kazini anachungulia simu kwa kuibia, usimpelekee chemsha bongo ya mizani na sarafu kumi na mbili, utamfanya aitwe ofisini.

Hatua ya 2: Lifumbue mwenyewe kwanza, kwa kalamu

Hapa naomba niwaambie ya kwangu. Kuna lile fumbo la madumu: una dumu la lita 3 na dumu la lita 5, hayana alama yoyote, maji yapo ya kutosha, nipimie lita 4 kamili. Linafanyika vizuri tu. Unajaza la 5, unamimina kwenye la 3 mpaka lijae, kwenye la 5 zinabaki lita 2. Unamwaga la 3, zile lita 2 unazihamishia humo. Unajaza la 5 tena, unamimina kwenye la 3 ambalo sasa lina nafasi ya lita 1 tu, basi kwenye la 5 zimebaki 4. Safi.

Sasa nikajua nikilituma hivo hivo watu wataligugo, nikajifanya mjanja nikabadilisha namba. Dumu la lita 4, dumu la lita 6, pimeni lita 5. Nikatuma saa mbili usiku. Mpaka saa tano watu wako na makaratasi, mmoja kanitumia picha ya ukurasa mzima wa daftari kaujaza mishale, mwingine anasema kila akimwaga anapata 2, anapata 4, anarudi kwenye 2, na mimi nimekaa pale naandika "kazeni, mko karibu". Mko karibu! Sikuwa nimelijaribu hata mara moja. Aliyenikamata ni shemeji yangu ambaye huwa hata hachangii, akauliza swali la kitoto kabisa: 4 ni shufwa, 6 ni shufwa, sasa shemeji ukijumlisha na kutoa shufwa na shufwa hiyo witiri inatoka wapi? Grupu likanyamaza kama dakika mbili hivi, alafu nikaanza kupokea nilichostahili.

Tangu siku hiyo nikibadilisha hata tarakimu moja nalifumbua upya kwenye karatasi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Na nikagundua siko peke yangu kwenye historia, ila mwenzangu alifanya makusudi: Sam Loyd, yule mtunzi wa mafumbo wa Marekani, aliahidi dola 1,000 kwa atakayepanga ule mchezo wa vibao 15 vya kusukuma ndani ya fremu, ukianza na vibao vyote mahali pake isipokuwa 14 na 15 vimebadilishana. Pesa yake ilikuwa salama kabisa maana tangu 1879 ilishathibitishwa kihisabati kwamba haiwezekani. Yeye alipata umaarufu, mi nilipata matusi.

Kama unataka watu wasiligugo, badilisha nguo usiguse mifupa. Lile la chui, mbuzi na majani na mtumbwi unaobeba mtu na kitu kimoja tu, limezunguka dunia kwa mtindo huo huo. Liko kwenye maandishi ya Kilatini yanayohusishwa na Alcuin wa York ambaye alifariki mwaka 804, na humo wanavuka mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Mifupa ni ile ile: safari saba, mbuzi anavuka mara tatu, na ujanja wote uko pale unapotakiwa kumrudisha mbuzi ulikomtoa. Unaweza kuwageuza wakawa mtoto, keki na mbwa, likabaki zima.

Hatua ya 3: Lipitishe kwenye Kiswahili kabla hujalituma

Hii ndo hatua ambayo hakuna anayeiongelea na ndo inayoharibu mafumbo mengi kuliko zote. Mtu anakutana na fumbo la Kiingereza, linamfurahisha, analigeuza neno kwa neno, anatuma. Haliwezi. Kwa mfano kule wanauliza kitu gani kina jicho lakini hakioni, jibu sindano. Sisi sindano yetu haina jicho, ina tundu, kwa hiyo mtu atakaa hapo mpaka ng'ombe warudi na ukimwambia jibu atakuangalia vibaya na ana haki. Ila kitu gani kina shingo lakini hakina kichwa linapita vizuri maana chupa kwetu nayo ina shingo, na shati pia, kwa hiyo jiandae kupokea majibu mawili. Lenye mikono lakini halipigi makofi, saa, linapita kwa anayesema mikono ya saa, kwa anayesema mishale ya saa limekufa.

Yale ya herufi ndo kabisa usithubutu kutafsiri, tunga ya kwako. Hili nililitengeneza mwenyewe na bado naringa nalo: iko mara mbili kwenye dakika, iko mara mbili kwenye saa, lakini kwenye sekunde haipo hata mara moja. Watu wanaanza kutaja mishale, mapigo ya moyo, kupepesa macho, mmoja akasema pumzi akaanza kutetea kabisa. Ni herufi A. Jingine ambalo limehamia kwetu bila mkwaruzo: neno gani limeandikwa vibaya kwenye kila kamusi ya Kiswahili? Vibaya.

Alafu ngeli. Ngeli ni mchongezi. Ukiuliza "paa gani halikimbii" umeshamwambia mtu ni paa la nyumba, hiyo li imemaliza kazi. Ukiuliza "paa gani hakimbii" umemdanganya, maana paa wa nyumba hayupo. Ila "mto gani hauna maji" linasimama, kwa sababu mto wa kuvuka na mto wa kulalia wote wako ngeli moja, u kwa u, hakuna anayemchongea mwenzake. Kaa jaribu mwenyewe kwenye neno kaa, au tai, utaona yote yanakataa kwa sababu hiyo hiyo.

Wazee waliolijua hili walikuwa na dawa mbili. Ya kwanza ni neno "kitu", ukisema kitu gani ki-hivi ki-vile umefunika kila ngeli kwa shuka moja. Ya pili ndo tamu, unakivalisha kitu sura ya mtu au mnyama: askari wangu, kuku wangu, mzungu, kondoo wetu. Ukishasema "kuku wangu katagia miibani" ngeli inayosikika ni ya kuku, nanasi halionekani kabisa. Mi nilisoma vitendawili shuleni miaka yote hiyo nikidhani hao kuku na askari ni mapambo.

Kuna mahali Kiswahili kinakupa zawadi lakini. Lile fumbo la ajali, baba na mwanae wanagongwa, baba anafia pale pale, mtoto anakimbizwa hospitali, daktari wa upasuaji anamwangalia anasema "siwezi kumpasua huyu, ni mwanangu". Imekuwaje? Daktari ni mama yake. Kwa lugha zinazotofautisha yeye wa kike na yeye wa kiume mtegaji anatembea kwenye kamba, sisi "a" yetu haina jinsia, unasimulia kwa raha zako. Mradi usifanye kama jamaa yangu aliyefika pale patamu akasema "basi bwana daktari akamwangalia yule mtoto..." Bwana daktari. Tulimtazama tu.

Hatua ya 4: Anza na jepesi

La kwanza liwe la kupatikana. Mtu akipata moja anataka la pili, akikosa matatu ya mwanzo anachukua simu yake anaondoka kiakili. Hapa sina la kuongeza.

Hatua ya 5: Sema masharti yote, usiseme zaidi

Chemsha bongo inakufa kwa sentensi moja iliyosahaulika. Chukua lile la vikombe vitatu, chini ya kimoja kuna sarafu. Unachagua kimoja. Mwenye mchezo anafunua kimoja kati ya viwili vilivyobaki, kitupu, anakuuliza ubaki na chako au uhamie kile kingine. Jibu ni uhame, ukihama unashinda mara 2 kati ya 3. Lakini hilo ni kweli tu kama umesema wazi kwamba mwenye mchezo ANAJUA sarafu iko wapi na siku zote anafunua kitupu. Ukisahau hiyo, kama anafunua kwa kubahatisha tu, hesabu inabadilika, na yule atakayekwambia ni nusu kwa nusu atakuwa sahihi kuliko wewe mwenye fumbo.

Na angalia fumbo lisiwe limepitwa na wakati. Lile la swichi tatu nje na balbu moja chumbani, unaruhusiwa kuingia mara moja tu, ujue swichi ipi ni ya balbu. Unawasha ya kwanza, unasubiri, unaizima, unawasha ya pili, unaingia. Ikiwa inawaka ni ya pili, imezima ila ukiigusa ni ya moto ni ya kwanza, imezima na ni baridi ni ya tatu. Sasa jaribu kumtega kijana ambaye amekulia kwenye taa za LED. Binti mmoja aliniuliza "anko, balbu inachemkaje?" na sikuwa na majibu. Siku hizi natamka kabisa "balbu ya zamani, ile ya kioo yenye waya ndani", najua nimetoa kidokezo bila kupenda lakini bora hivo kuliko fumbo lisilofumbuka.

Mkiwa uso kwa uso lirudie mara mbili kwa maneno yale yale. Ukibadilisha neno mara ya pili watu wataanza kufumbua tofauti ya maneno yako badala ya fumbo.

Kwenye simu, majibu yote yaje inboksi. Hii ni sheria, sio ombi, maana mtu mmoja akiropoka jibu kwenye grupu dakika ya kwanza wengine thelathini wamenyimwa. We unaandika tu kwenye grupu "fulani kapata" bila kusema kapata nini, na hiyo pekee inawapandisha watu mori ajabu. Ukitaka jibu likae kwenye meseji hiyo hiyo, shusha nukta nyingi chini chini mpaka WhatsApp iikate mtu alazimike kubonyeza kusoma zaidi. Telegram wameweka kabisa kitu cha kuziba maneno mpaka uyaguse. Mi napenda voisi nouti, natega kwa sauti, hapo hata wa kugugo inabidi kwanza akae aandike fumbo zima, wengi uvivu unawashinda.

Hatua ya 6: Subiri, alafu dokeza kidogo kidogo

Kusubiri ni kazi. Mtegaji ndo anayewashwa na jibu kuliko wanaotegwa, ukimya ukizidi dakika moja unataka kusema. Usiseme. Mtu akikaa kimya ujue anapika.

Ila wakikwama kweli, wape vidokezo, na uwe navyo vitatu mfukoni kabla hujaanza. Cha kwanza kiwatoe tu kwenye njia isiyofika popote, cha pili kiwaelekeze, cha tatu kiwe karibu jibu. Mfano stori ya lifti: mtu anakaa ghorofa ya 10, asubuhi anashuka na lifti mpaka chini bila shida, jioni akirudi anaishia ya 7 alafu anamalizia kwa ngazi. Siku ya mvua tu ndo anafika na lifti mpaka 10. Kwa nini? Hapa watu wataing'ang'ania lifti, mara ni mbovu, mara ina mlinzi, mara umeme. Kidokezo cha kwanza: lifti ni nzima, achaneni nayo, mwangalieni yeye. Cha pili: siku ya mvua anatoka na kitu gani mkononi? Cha tatu: kitufe cha 10 kiko juu au chini ya kitufe cha 7? Jamaa ni mfupi, mkono unaishia kitufe cha 7, siku ya mvua anabonyeza kwa mwavuli. Kwa stori kama hizi majibu yako ni matatu tu, ndiyo, hapana, na haihusu. Hilo la tatu usilisahau, linaokoa nusu saa nzima.

Sasa ngoja niwatege kabisa, muone kusubiri kunavyouma. Kamba mbili. Kila moja ukiiwasha ncha moja inachukua saa nzima kuungua mpaka kuisha, lakini haziungui kwa mwendo sawa, nusu ya kamba inaweza kuisha kwa dakika 10 na nusu iliyobaki ikala 50, kwa hiyo kukunja katikati au kukata hakukusaidii kitu. Una kiberiti, huna saa. Nipimie dakika 45. Jibu liko mwisho kabisa wa huu mwongozo, na kidokezo ni kimoja tu: kamba ina ncha ngapi?

Hatua ya 7: Ukipewa jibu ambalo sio lako ila linakaa, toa pointi

Mtu akikupa jibu ambalo linatosha kila neno ulilosema, amepata. Basi. Haijalishi kwenye karatasi yako pameandikwa nini. Mtegaji anayesema "ndiyo lakini mi nilikuwa namaanisha..." anawafundisha watu kusoma akili yake, na akili yake haimpendezi mtu.

Ubishi wa hesabu ni mwingine, huo usiumalize kwa kelele, umalize kwa kujaribu. Hilo la vikombe, likiwa kwa sura ya milango na gari, lilimtoa jasho Marilyn vos Savant mwaka 1990, alilijibu kwa usahihi kwenye safu yake ya gazeti la Parade huko Marekani na akapokea barua kama 10,000, nyingi zikimwambia amekosea, na kati ya walioandika walikuwemo wenye shahada za uzamivu. Kwa hiyo mshkaji wako akikataa usimshangae. Leta vikombe. Chezeni mara 30, anayehama kila mara atakuwa ameshinda kama mara 20 hivi, anayebaki kama 10. Nimeona mtu mbishi kuliko wote ninaowajua anaanza kunyamaza kwenye raundi ya kumi na mbili.

Kuna na zile fupi ambazo mtu anajibu kabla hujamaliza kuuliza. Daftari na kalamu kwa pamoja ni 110, daftari limezidi kalamu kwa 100, kalamu ni ngapi? Wote wanasema 10. Ingekuwa 10 daftari lingekuwa 110 na jumla 120. Kalamu ni 5. Hili usimcheke aliyekosa, kwa sababu we mwenyewe ulikosa siku ya kwanza, usinidanganye.

Hatua ya 8: Tunga chako

Ukishazoea, vya kuokota vinachosha. Ntawaonesha nilivyotunga kimoja, hatua kwa hatua, pamoja na kilivyoharibika.

Nilichukua kitu kilichokuwa mbele yangu, chaja ya simu. Jaribio la kwanza: "kitu gani kina waya na kinachomekwa ukutani". Hiyo sio kitendawili, hiyo ni maelezo ya bidhaa. Nikaacha kueleza inavyofanana nikaandika inachofanya: inauma ukuta, inavuta, lakini yenyewe haishibi, anayeshiba ni mwingine. Hapo nikajua nimepata, maana kuna kitu kisichoeleweka, mmoja ale mwingine ashibe kivipi? Kitendawili bila huo mkanganyiko hakina injini. Nikatafuta sura ya kukivalisha. Kirefu, chembamba, kina meno: nyoka. Nikakata maneno mpaka yakabaki haya: nyoka wangu akiuma ukuta, anayeshiba ni mwingine.

Nikakitega kwa kujiamini. Rafiki yangu akafikiria kidogo akasema "mpira wa maji". Nikacheka. Akaeleza: mpira umeng'ata bomba la ukutani, ndoo inajaa. Nikaacha kucheka. Kila neno linakaa! Nikampa pointi yake, inauma lakini nimempa, nikarudi nyumbani kukaza nati. Sasa hivi kinasomeka: nyoka wangu akiuma ukuta, aliyelala mezani anashiba. Ndoo hailali mezani. Mpaka leo hakijapata jibu la pili, ukilipata niambie nikikaze tena.

Kwa hiyo mpangilio ni huo: kitu, kinachofanya, mkanganyiko, sura, punguza maneno, alafu mtafute mtu mmoja mbishi akuharibie kabla hujakipeleka kwa watu wengi.

Hatua ya 9: Zamu na mji

Aliyepata ndo anatega kinachofuata, hivo hakuna anayeukalia mchezo peke yake. Waliokosa wanatoa mji, kama ilivyo kwenye vitendawili siku zote, ila mtegaji usikubali mji wa kwanza, ukatae, sema mdogo, sema hauna bahari, wakuongezee mpaka upate mji wenye hadhi yako, hapo katikati ndo kuna vicheko kuliko hata kwenye jibu. Alafu ukishapewa jipitishe kidogo, nilienda mji wangu nikapokelewa hivi na vile, ndipo utoe jibu. Kwenye grupu mji unaweza kuwa chochote, sisi kwa mfano aliyekosa anabadilisha picha ya profaili na kuweka tuliyomchagulia, siku nzima.

Na mkiona wawili wameanza kujibu haraka kuliko binadamu, wameshaanza kugugo hao au wanauliza programu za akili mnemba. Usigombane. Hamia vya kwako ulivyotunga juzi, huko hakuna pa kutafuta.

.
.
.
.
.

Kamba: kamba ya kwanza iwashe ncha zote mbili, na muda huo huo kamba ya pili iwashe ncha moja. Ya kwanza itaisha kwa dakika 30, haijalishi inaungua haraka wapi na polepole wapi, moto lazima ukutane. Ikiisha tu, iwashe ile ncha ya pili ya kamba iliyobaki. Hiyo ilikuwa na dakika 30 za kuungua, sasa inaliwa pande mbili, inakwisha kwa 15.